Mwezi Usio na Matokeo

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa na mwaka wake mwenyewe. Krismasi aliivumilia, Januari aliilaumu kwa baridi, lakini ikifika katikati ya Februari, theluji ya Louisville imeshageuka tope jeusi kando ya barabara, uso wake ulikunjuka. Hizo ndizo siku ambazo timu za besiboli huenda kusini, kwenye joto, kufanya mazoezi ya kabla ya msimu. Jumamosi hiyo alitusimamisha, akakohoa, akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo, kilichotiwa Kifaransa, "Bon. Bale bamefika." Wageni wa kwaya waligeuka kutazama mlango. Sisi wa zamani tulijua kwamba hao waliofika ni wachezaji, wamefika huko jangwani Arizona, na hakuna hata mmoja wao anayemjua.

Mimi ni Mkenya. Nilifika Louisville kusoma, nikatafuta mahali pa kusali kwa lugha ninayoielewa hata nikiwa na usingizi, nikaelekezwa mtaa wa Beechmont, kwenye kanisa la Wakongo wa Kivu waliokuwa wamekodi ghorofa ya chini ya kanisa la Wazungu. Mwalimu alinisikiliza nikiimba ubeti mmoja, akaniweka sauti ya pili bila kuniuliza.

"Sauti iko," akasema. "Lakini hii Kiswahili yako ni ya redio. Unaimba sawa mutu anasoma habari."

Kwa miaka yote niliyokaa naye hakuwahi kuniita kwa jina langu. Aliniita Mukenya, na katika neno hilo alitia sifa na lawama kwa kadiri ya siku ilivyomwamkia. Nami nilicheka Kiswahili chake kila nilipopata nafasi, hasa alipokuwa amekasirika.

Alikuwa mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba mizigo tangu utoto, na kweli kazi yake ilikuwa kupanga vifurushi kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege. Alivaa tai kwenda huko. Alivaa tai kwenye basi, akaivua mlangoni mwa ghala, akaivaa tena wakati wa kurudi. Juu ya tai hiyo alivaa kofia ya timu, iliyopauka mpaka herufi zake zikawa za kukisia. Mchungaji alimwambia mara nyingi kwamba kofia na tai havipatani, naye alijibu kwamba tai ni ya Mungu na kofia ni ya jua.

Simu mazoezini alizikataza kwa ukali ambao wengine huuweka kwa ajili ya pombe. Alikuwa na kikapu mlangoni. Kila aliyeingia aliweka simu yake humo. Lakini Machi ikifika, yeye mwenyewe alisimama mbele yetu na kidude cha kusikilizia kwenye sikio la kushoto, kwa sababu mechi za huko Arizona huanza mchana wao, ambao kwetu ni jioni, saa ileile ya mazoezi. Siku moja tulikuwa katikati ya wimbo wa Pasaka, mahali pa upole pale, karibu kunong'ona. Ghafla Mwalimu akarusha mikono yote miwili juu, macho yakamtoka. Sauti ya kwanza wakadhani ni ishara, wakaupandisha wimbo kwa nguvu zao zote. Besi wakawafuata ili wasiachwe. Kumbe kuna mtu alikuwa ameupiga mpira ukatoka nje ya uwanja. Mwalimu alitusikiliza mpaka mwisho, akashusha mikono, akasema, "Njo vile niko nataka," yaani ndivyo alivyotaka. Tuliimba hivyo siku ya Pasaka, watu wakalia.

Hakukubali kosa, huyo mzee. Akitoa noti ya kuanzia ikiwa juu mno, tukakwaruzana na nyimbo mpaka shingo zikasimama mishipa, alisimamisha wimbo na kuuliza kwa utulivu, "Ni miye nimetoa mubaya, ama ni nyinyi mumepokea mubaya?" Akatupa nafasi ya kufikiri. Kisha akajibu mwenyewe: "Ni nyinyi." Tulizoea, tukamcheka kichinichini. Sasa naona tulipaswa kucheka kidogo zaidi, na kwa sauti.

Watu huuliza ilikuwaje mzee wa Kivu akapenda mchezo ambao hata Wamarekani wenyewe wengine hulala wakiutazama. Nilimuuliza. Aliniambia kwamba kwenye soka refa anaangalia saa, na yeye alikuwa amekaa katika maisha ya watu wanaoangalia saa: saa ya kutokuwa nje, saa ya kupanga foleni ya unga, saa ya kuitwa kwenye dirisha la wakimbizi. "Hapa hakuna saa," akasema. "Mpaka bakutoe, uko ndani."

Lakini kilichomshika zaidi hakikuwa msimu wenyewe. Ilikuwa ile miezi ya mazoezi kabla yake. Mechi za Machi hazihesabiwi. Ushindi hauandikwi popote wa kudumu, na kushindwa kunasahaulika. Mchezaji mwenye jina kubwa anacheza kidogo, anaondoka kuoga. Nafasi yake inashikwa na kijana aliyepewa jezi yenye namba ya tisini na kitu, namba ambayo haijashonwa kwa ajili ya mtu yeyote. Mwalimu aliwapenda hao wa namba kubwa. Alisema kocha mwenye akili hatazami nani anashinda Machi. Anatazama nani anakimbia kwa bidii siku ambayo kukimbia hakuna faida. Na alikuwa na msemo aliouweka hata kwenye mahubiri siku mchungaji alipougua na yeye akashika madhabahu: "Usimusifu mutu mwezi wa tatu, na usimuzike pia."

Mafundisho hayo aliyahamishia kwetu mazima. Kuanzia Februari mpaka Wiki Takatifu kwaya haikupanda mbele ya kanisa. Tulikaa kwenye viti kama waumini wengine, mchungaji akinuna. Jumamosi alitupangua. Waimbaji wakuu aliwaketisha nyuma, akaleta mbele wale waliokuwa wakijificha nyuma ya wenzao. Dereva mmoja wa mashine ya kuinua mizigo, mtu wa besi tangu kubalehe, alilazimishwa kuimba sauti ya tatu mpaka akatoka jasho. Mama mmoja aliyekuwa akifanya usafi hospitalini aliambiwa aanzishe wimbo peke yake, akaanza, akasita, akaanza tena, na tangu hapo hakuna aliyemnyang'anya. "Mwezi wa tatu hakuna mutu mukubwa," alisema Mwalimu. "Bote tuko sifuri."

Timu yake nayo aliijadili katika siku hizo kwa huzuni na tumaini vilivyochanganyika hata huwezi kuvitenga. Ni lazima nieleze kidogo. Timu ya Louisville ni ya ngazi ya pili kutoka juu. Juu yake kuna timu kubwa ya jiji jingine, yenye majina na mali, na hiyo ndiyo inayowamiliki wachezaji. Mtu akicheza vizuri kwetu, anaitwa juu, hata katikati ya juma. Anayeshindwa huko juu anarudishwa kwetu. Columbus wana timu ya ngazi hiyohiyo, Buffalo nao wana yao, na zote tatu ziko ligi moja. Kwa hiyo shabiki wa Louisville anapenda watu ambao anawaombea waondoke. Mwalimu alilielewa hilo bila taabu yoyote. Machi nzima alikuwa akihesabu nani atabaki juu na nani tutarudishiwa, na kila aliyebaki juu alimfurahia kama ndugu aliyepata karatasi za kusafiri.

Kulikuwa na mrushaji mrefu aliyepasuliwa mkono, ambaye Mwalimu alimchunguza kwa wasiwasi wa mkunga. Kulikuwa na kijana wa visiwani aliyecheka hata alipokosa, na Mwalimu alisema huyo atafika mbali au atafukuzwa, hakuna la katikati. Lakini wa moyoni mwake alikuwa mdakaji mmoja mwenye ndevu za mvi, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji mchezo mzima, akipokea mipira na kupigwa nayo magotini. Mwalimu alimpa jina la Shemasi. Alisema huyo anahudumu, na kanisa lote linamtazama mrushaji. Kila mwaka Shemasi alikwenda Arizona na wakubwa, akacheza vizuri, na kila mwaka, zikiwa zimebaki siku chache msimu uanze, wakamrudisha Louisville. Mwalimu alilipokea hilo kwa kuinamisha kichwa. "Amerudi," alisema. "Asante kwa Mungu, lakini pole kwake."

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka. Mwalimu alikuwa na binti, Riziki. Mama yake alikuwa amefariki kabla hawajafika Marekani, na yeye ndiye aliyekuwa akipika, akifua zile tai, na kuimba. Sauti yake sitaielezea. Niseme tu kwamba alipoingia kwenye wimbo, sisi wengine tulipumzika. Tulikuwa marafiki, yeye na mimi. Alinisuka, nikamsaidia barua za shule za watoto wa jirani zake, tukamsema baba yake kwa mapenzi.

Riziki alikuwa ameolewa. Mume wake alipunguziwa zamu kazini, kodi ya nyumba ikapanda, na ndugu zake walioko Tonawanda, kule juu ya Buffalo, wakampigia kwamba kiwanda kinaandika watu. Wakaamua kuhama. Ilikuwa Machi, katikati ya mazoezi, na Pasaka yote ya mwaka huo Mwalimu alikuwa ameijenga juu ya sauti ya Riziki.

Kanisa letu lina desturi ya kuaga. Anayehama anasimama mbele na watu wake, mchungaji anamwombea, kisha mwalimu wa kwaya anaanzisha wimbo wa kumsindikiza. Kanisa zima linaupokea, wanaohama wanatembea kutoka madhabahuni mpaka mlangoni wakiimbiwa, na wimbo haukatiki mpaka wavuke kizingiti. Kwa watu waliokimbia nyumba zao bila kuagana na mtu, hilo si jambo dogo. Nimeona wanaume wazima wakitembea njia ile fupi kwa machozi. Na ni mwalimu peke yake anayeanzisha. Mwingine akianzisha yeye akiwepo, ni kumvua nguo mbele za watu.

Siku ya Riziki, mchungaji aliomba, akasema amina, akamtazama Mwalimu. Mwalimu alikuwa ameketi. Alitazama magoti yake. Mchungaji aliongeza sala nyingine, fupi, akasema amina ya pili. Hakuna aliyeanza. Nilikuwa nimeketi na wenzangu wa sauti ya pili kwenye viti vya waumini, wimbo ninaujua, na sikuthubutu kuuanzisha. Riziki alimsubiri baba yake kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia kutazama. Kisha akamshika mume wake mkono, wakatembea mpaka mlangoni, na tulichosikia ni viatu vyao.

Huko Tonawanda, kabla mwaka haujaisha, mashine ilimjeruhi mume wa Riziki mkono, vidole vikabaki havikunjiki. Ajali ni ajali, kiwandani watu huumia. Lakini kanisani kwetu maneno yalitembea: alitoka bila wimbo, mmeona. Yalisemwa jikoni, yalisemwa kwenye maegesho ya magari, na Mwalimu aliyasikia, kwa sababu kanisa letu halina kuta nene. Hakuyakanusha. Riziki naye yalimfikia, maana simu za watu wetu ni nyepesi. Aliacha kumpigia baba yake, na baba hakupiga.

Kiangazi cha mwaka huohuo, yule mrushaji mrefu aliitwa juu. Mwalimu alinipigia simu akaniuliza kama nina gari siku hiyo. Sikuwa nalo, tukapanda basi kutoka Beechmont mpaka mjini, yeye na tai yake, na kitabu cha nyimbo kwapani. Tulisimama nje ya geti wanakotokea wachezaji. Yule kijana alipotoka na mkoba begani, Mwalimu alivua kofia, akaanzisha wimbo wa kumsindikiza. Peke yake, kwa Kiswahili, kando ya barabara, mpaka mwisho. Nilipokea kiitikio kwa aibu. Kijana alisimama, akasikiliza kwa adabu, kisha akadhani tunataka sahihi yake. Akachukua kile kitabu, akaandika jina lake kwenye jalada. Mwalimu aliudhika sana, kwa sababu kitabu cha nyimbo hakiandikwi, lakini hakukibadilisha.

Kwenye basi la kurudi hasira zilinipanda. Nilimwambia, "Mwalimu, huyu hata jina la mama yake hulijui, umemwimbia mpaka mwisho. Riziki je?"

Alisugua ile sahihi kwa kidole gumba. "Muchezaji anapanda," akasema. "Mutoto yangu hakupanda. Alienda pembeni tu. Buffalo na Louisville ni kiwango moja, donc aliniacha juu ya nini?"

"Juu ya kazi. Juu ya kula."

"Hata hapa tunakula."

Nilishuka kituo kimoja kabla ya changu ili nisimjibu vibaya. Wahenga walisema mganga hajigangi, na nilipokuwa nikitembea kwenda nyumbani niliona jinsi walivyomjua mtu huyu. Nilimpenda, na siku ile sikutaka kumtazama usoni.

Miaka miwili baadaye nami nilipata kazi katika ofisi ya bima huko Columbus. Nilikwenda kumwambia nikiwa nimejiandaa kwa vita. Akasema tu, "Bon. Mukenya anaenda." Jumapili yangu alisimama kabla mchungaji hajamaliza amina, akaniimbia wimbo wa kwanza, na nilipofika mlangoni akaongeza wa pili, nikalazimika kusimama pale kizingitini na kungoja uishe. Watu walinikumbatia. Mimi nilikuwa nikimfikiria Riziki, na furaha ile ilinikwama. Nilimpigia jioni yake, sikumwambia habari za nyimbo mbili. Aliniuliza mwenyewe, "Alikuimbia?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ni vizuri," na akauliza habari za mizigo yangu.

Kwa hiyo mwaka jana, Jumamosi moja ya mwisho wa Machi, simu ilipolia nikiwa nyumbani Gahanna, kando ya Columbus, napika chapati, sikutarajia sauti ile.

"Mukenya, niko hapa."

"Hapa wapi, Mwalimu?"

"Hapa kwako. Columbus. Kwenye bus."

Nilizima jiko, nikaenda kumchukua. Njiani nilikuwa nikijiuliza nani amekufa. Jumamosi ya Machi, Pasaka inakuja, na mtu huyu hajawahi kukosa mazoezi hata alipokuwa na homa. Nilimkuta amesimama kituoni na sanduku, tai shingoni, amepungua sana, shati limekuwa kubwa. Nilimwamkia kwa mikono miwili. Aliitazama nyumba yangu tulipofika, akasikiliza ndege iliyokuwa ikishuka juu ya paa kwenda uwanjani, akasema tunafanana, hata yeye kazini ndege zinampigia kelele.

"Na mazoezi je?" nikamuuliza.

"Nimeachia bale bijana."

Nilikaa chini. Kama angeniambia ameuza kanisa nisingeshangaa zaidi.

Alikula chapati moja, akaisifu ya pili. Akatoa simu yake, akaiegemeza kwenye chombo cha sukari. Mechi ya Arizona ilikuwa ikiendelea, sauti ameishusha. Tuliitazama kidogo. Nilimtafuta mzee wa ndevu za mvi nyuma ya mpigaji, nikaona kijana nisiyemjua.

"Shemasi yuko wapi?"

"Balimuachisha," akasema. "Wiki iliyopita. Bakamuambia hakuna fasi. Si juu, si Louisville. Iko bale batoto bapya."

"Pole, Mwalimu." Nilisema kwa moyo, kwa sababu uso wake ulistahili pole.

"Kiisha Buffalo bakamuita. Atadakia Buffalo mwaka huu. Donc nikasema, acha niende nimuangalie. Tangu nimekuwa shabiki sijawahi kumusalimia."

"Kwa hiyo unakwenda Buffalo kumwona Shemasi."

"Ndiyo."

"Hukumkasirikia? Ametoka kwetu akaenda kwa wapinzani wetu. Ligi moja, kiwango kimoja. Hakupanda, Mwalimu. Ameenda pembeni."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Nimukasirikie juu ya nini? Mutu iko na magoti yake, iko na bibi, iko na batoto. Hapa hakuna fasi. Anaenda fasi kuko kazi. Mutu akikosa kazi kwao, na kule kuko batu banamuita..."

Sentensi ikaishia hapo. Mtangazaji aliendelea kuzungumza ndani ya simu kwa sauti ndogo. Mwalimu alishika ukingo wa meza. Nilijua alikuwa ameifikia sentensi hiyo kabla ya leo, pengine siku ile alipopata habari za Shemasi, pengine ndiyo iliyomtoa Louisville. Lakini nadhani ilikuwa mara ya kwanza aisikie ikitoka mdomoni mwake, mbele ya mtu.

"Riziki anajua unakuja?" nikauliza.

"Hapana."

"Nampigia."

"Ngoja mechi iishe."

"Mwalimu, hiyo ni mechi ya mazoezi. Haihesabiwi."

Kwa mara ya kwanza tangu afike, alitabasamu, tabasamu fupi lisilofika machoni. Akaizima simu yake, akailaza kifudifudi. "Naogopa, Mukenya," akasema.

Nikampigia, nikaweka simu katikati ya meza. Riziki alipokea akihema, akaniambia anatoka kazini, ana mifuko mikononi, nimwambie haraka.

"Nina baba yako hapa," nikasema.

Akauliza, kwa sauti ambayo sitaisahau, "Baba alikufa?"

"La, la! Yuko hai. Yuko hapa jikoni kwangu, amekula chapati."

Tulisikia mifuko ikiwekwa chini. "Anataka nini?"

"Anataka kuja kwako."

"Anisemeshe yeye mwenyewe."

Mwalimu aliichukua simu kwa mikono miwili, akaiweka karibu sana na mdomo. "Riziki."

"Baba."

"Kuko mudakaji moja ya timu yetu, mutu muzuri sana, sasa iko Buffalo. Nikasema nikuye nimuangalie, na vile weye uko kule..."

"Baba, unakuya juu ya mupira?"

Aliniangalia. Niligeukia sinki, nikafungua maji, nikayafunga. Hilo hakuna ambaye angemsaidia.

"Hapana," akasema. "Niko nakuya juu yako. Ile siku nilikukatalia wimbo. Niliona kwaya yangu inakufa, njo nikakukatalia. Weye haukukosea kitu. Ni miye."

Riziki alianza kuzungumza kwa upole, upole ukaisha. Alimwambia kuhusu mkono wa mume wake, usiku wa hospitali, watu waliompigia kutoka Louisville wakijifanya wanampa pole huku wanataka kujua. Alimwambia kwamba kila mtoto alipougua alijiuliza kama ni wimbo ule. "Nilianza kuamini, Baba. Miye, mutu mwenye akili. Nilianza kuamini."

"Nilisikia bakisema," Mwalimu akajibu. "Nikanyamaza. Hiyo nayo ni miye." Machozi yalikuwa yakimteremka, hakuyafuta, mikono ilikuwa kwenye simu. "Nikifika, nitasimama mbele ya kanisa yenu, niseme kwa batu bote kama ni miye nilikosea. Kama hautaki niingie mu nyumba, sawa. Nitasema tu, kiisha nirudi."

Nikainama kutazama kama laini imekatika. Haikuwa imekatika. Tulisikia gari likipita mtaani kwao, na mtoto akiita kwa Kiingereza kutoka ndani ya nyumba. Riziki alimjibu mtoto, akamwambia angoje. Kisha akapenga kamasi.

"Bus inafika saa ngapi?" akauliza.

Mwalimu akanigeukia, mdomo wazi. Hakuwa na tiketi. Alikuwa amekata ya kumfikisha Columbus tu, kwa sababu hakuwa na hakika kama mbele ya hapo kuna mtu wa kumpokea.

"Kesho, saa kumi na moja jioni," nikasema kwa sauti, ili Riziki asikie. Kisha nikaenda kufungua kompyuta, kutafuta basi linalofika Buffalo saa hiyo. Na kama halipo, gari ninalo.